Skrini ya Kumwonea Babu

Kila alasiri akitoka shule, Zlatina alipita mbele ya matangazo ya vifo. Mjini Sevlievo marehemu hubandikwa milangoni na kwenye nguzo za umeme, picha juu, jina chini, na mvua ikiwachakaza hubandikwa upya. Zlatina, msichana wa miaka kumi na mitatu, alizoea kuwapita tu. Lakini tangu babu yake Gancho afariki, kila akifika kwenye lango lao aliinamisha macho. Tangazo la babu halikuwa na picha. Lilikuwa na msalaba tu.

Babu Gancho aliikimbia kamera kama paka anavyokimbia maji. Picha yake pekee ilikuwa ndogo, imepigwa kwa simu kuukuu, na uso umefifia. Sasa arobaini ilikuwa inakaribia na tangazo jipya lilihitajika.

"Safari hii nataka nimwone kila nikifungua lango," alisema Bibi Penka akimpakulia supu ya maharage. "Ile picha haisafishiki, mjukuu wangu?"

Zlatina aliikoroga supu yake. Asubuhi ile ile rafiki yake Kamen alikuwa amemcheka shuleni: "Skrini ya kompyuta yako ni ya enzi za babu wa babu yako! Njoo uone yangu. Ukicheza, hata ndevu za adui unazihesabu!" Maneno hayo yalikuwa bado yanamchoma.

"Inasafishika, bibi," akasema. "Tatizo ni skrini yetu. Tukinunua ile yenye vinukta vingi, uso wa babu utatokea vizuri kabisa."

Alijua anadanganya. Mwalimu wa kompyuta alishawaeleza kwamba skrini haiongezi kitu ambacho hakimo kwenye picha.

Bibi hakuwa na akiba. Akaiuza kodiani ya babu, kile kinanda cha mikunjo alichokipiga kwenye kila harusi ya mtaa, kwa mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuwa akipita mjini. Kisha wakaenda dukani.

"Mnataka ya kazi gani, mama?" aliuliza muuzaji.

"Ya kumwonea mume wangu. Amefariki."

Muuzaji akashusha sauti. "Pole sana, mama. Basi chukua hii ya kawaida. Zile za bei mbaya zinawafaa wanaochora ramani na wanaotengeneza filamu. Kwa picha na barua za nyumbani, hata tofauti hutaiona."

"Usimsikilize, bibi," Zlatina alidakia. "Anataka kutuuzia mali iliyododa."

Wakabeba ya bei mbaya. Nyumbani, kwa kuwa vinukta vya skrini mpya vilikuwa vidogo zaidi, picha ya babu ilitokea ndogo kuliko mwanzo. Zlatina akaikuza, na uso ukageuka viraka vya kijivu. Bibi alivaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Macho yake yako wapi? Ongeza kidogo, mwanangu."

Akaongeza. Viraka vikazidi.

"Bado simwoni," bibi alisema, akaifuta miwani kwa aproni. "Usijali. Kosa si lako, ni macho yangu haya. Nimezeeka."

Hapo Zlatina hakuweza tena. Alilia, akasema yote: Kamen, michezo, na uongo wake. Bibi hakumgombeza. Aliitazama kona ambako kodiani ilikuwa ikikaa, na hilo lilimuumiza Zlatina kuliko kofi.

Kesho yake Zlatina aliifunga skrini mwenyewe, akairudisha dukani, akarudishiwa pesa na kumwomba radhi muuzaji. Akampigia simu yule mnunuzi. Kodiani ilikwisha kuuzwa, tena nchi ya mbali. Basi akaanza kubisha hodi kwa majirani, akiomba picha ya babu.

"Gancho apigwe picha? Yule!" Mzee Vlayko alicheka. "Hebu ngoja. Marehemu mke wangu aliwahi kumvizia, kwenye sherehe ya mizabibu."

Ilikuwa picha ya karatasi. Babu alikuwa anapiga kodiani, anacheka, hana habari na kamera. Zlatina aliinakili na kuiandaa kwenye skrini yao ile ya zamani, na kila kunyanzi la uso wa babu lilionekana.

Siku ya arobaini, baada ya kugawa makaburini ngano ya kuchemsha, kama ilivyo desturi ya kumkumbuka marehemu, walibandika tangazo langoni. Bibi alimpapasa babu shavuni, kisha akashuka na kidole hadi kwenye mikunjo ya kodiani.

"Imebaki hapa tu," alisema, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Kitu cha bei kinamfaa anayekihitaji, na sisi hatukukihitaji. Hilo ni dogo. Siku nyingine ukitamani kitu, niambie, 'Bibi, nakitaka mimi.' Nikiwa nacho nitakupa, nikikosa tutavumilia wote. Ila usimtume tena babu yako akuombee."