Dirisha la Mke wa Fundi

Ndugu zangu, nyinyi mlio na nyumba na nyinyi mnaozitafuta, kisa hiki hakina jini wala mfalme. Kina ukuta mmoja tu, wa jikoni, na mtu aliyeweza kuutoboa kwa asubuhi moja asiutoboe.

Ilikuwa Jumamosi tulivu. Sebule ilifagiwa mara mbili, mapazia yalifuliwa, na mezani palikuwa na karatasi za mauzo na kalamu juu yake. Mwenye nyumba alikuwa mwashi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Timazi, kwa sababu kuta alizojenga zilisimama wima kama askari kwenye gwaride. Alikaa ukingoni mwa kiti chake, amevaa shati lililopigwa pasi. Mbele yake alikaa dereva wa lori aliyetaka kununua, pamoja na mkewe, na katikati yao dalali, mtu mnene mwenye ulimi mtamu kuliko soda aliyokuwa akinywa.

Mke wa Timazi alikuwa amefariki miezi minane nyuma, na tangu hapo nyumba ilimwelemea. Akikohoa, hakuna wa kumuuliza ana nini. Akiingia, hakuna wa kumwambia umechelewa. Binti yake wa pekee, fundi cherehani katika mji mwingine, alikuwa amempigia simu: "Baba, njoo tukae wote. Tukiuza hiyo nyumba, tunakuongezea chumba hapa kwangu." Kwa hiyo sahihi ya dereva wa lori ndiyo iliyosimama kati ya Timazi na sauti ya mtu wa kumwita mezani.

Dereva akachukua kalamu.

"Ngoja kwanza," mkewe akasema. "Jikoni sijaona."

"Aah, dada yangu, jiko ni jiko," dalali akacheka.

"Mpishi ni wewe?"

Akainuka, akaenda. Wakasikia swichi ikibofywa mara mbili bure, maana umeme wa mtaa ule wakubwa wake ndio wanaojua siku ya kuutoa. Halafu ndoo ikapigwa teke, sufuria ikaanguka. Aliporudi, mkono wa blauzi yake ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Humo hamna dirisha hata moja. Saa nne asubuhi hii, napapasa ukuta kama mwizi! Mimi humo sipiki."

Dereva akairudisha kalamu mezani, polepole. "Umesikia, mzee wangu. Mwenye jiko amekataa."

"Mke wangu alipika humo miaka ishirini na sita!" Timazi akafoka.

"Yuko wapi nimuulize?"

Dalali akatazama viatu vyake. "Ni marehemu," akanong'ona.

Yule mama akashika mdomo. "Nisamehe, baba. Sikujua." Lakini hakubadili neno, na mumewe hakumwomba abadili. Wakaaga, wakaondoka. Timazi akabaki anatazama mlango, na kilichomchoma zaidi si biashara kuvunjika. Ni ile dakika moja. Mwanamume yule alimsikiliza mkewe kwa dakika moja tu, ikatosha.

Mimi sisemi jiko lile ndilo lililomuua mke wa Timazi. Daktari hakusema hivyo. Nasema tu kwamba daktari alipomaliza kumsikiliza kifua, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, unapikia wapi?"

Dalali hakuwa mtu wa kukaa msibani. Alimaliza soda yake, akajifuta mdomo.

"Mzee, nikuambie ukweli. Nyumba ni nzuri, lakini jiko lako linapikiwa kwa imani. Toboa dirisha. Paka rangi. Lile bomba linalovuja, ile ngazi ya nyuma inayoyumba, maliza yote. Nipe wiki tatu, nakuletea mteja mwingine."

Timazi alisikiliza orodha ile. Aliijua. Ilikuwa orodha ya mkewe, kitu kwa kitu, tofauti ni kwamba mkewe hakudai kamisheni.

"Dirisha haliwezekani," akasema. "Ukuta ule unatazama kichochoro cha watu wote. Lazima kibali, na wale mabwana wa ofisi ya majengo walininyima."

"Walikunyima lini?"

"Zamani."

"Basi kaombe tena. Mteja anapenda karatasi."

Jumatatu Timazi akaenda ofisini, hasira za miaka zimemjaa kifuani. Dirishani alimkuta karani msichana mwenye miwani.

"Niliomba kibali hapa mkanipiga danadana," akaanza, sauti ikisikika hadi mwisho wa foleni. "Aliyekaa hapo kabla yako aliniambia njoo kesho, mkubwa hayupo. Mkubwa gani huyo asiyeonekana miaka ishirini na mbili?"

"Pole, babu. Huyo alishastaafu."

"Alistaafu kazi ipi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani naye akatabasamu, akaandika jina la mtaa, akaingia chumba cha nyuma. Alikaa huko kitambo. Alirudi akipiga chafya, mkononi ana jalada lililofifia.

"Babu, kibali chako hiki hapa. Kilitoka wiki mbili baada ya ombi. Kina sahihi na muhuri. Ila hakikuchukuliwa."

Timazi akakodoa macho. "Kimekuwa humo wakati wote huo?"

"Wakati wote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mbona hukurudi kuuliza?"

Hapa, ndugu zangu, mimi nawalaumu wote wawili, lakini mmoja wao alikuwa analipwa mshahara. Mtu anaweka haja yako kwenye droo, anafunga, anaenda kunywa chai, na huko kwako mwenzako anameza moshi. Wangapi wamezikwa na majibu yao yamo kwenye kabati? Hilo nitalisema hata mbele yao.

Hata hivyo, Timazi aliketi kwenye benchi la nje na ile karatasi mapajani, akapiga hesabu ambayo hakuna ofisi ingeweza kumpigia. Mkewe alipomuuliza, alimjibu, "Kibali bado." Mwaka uliofuata, "Kibali bado." Siku aliyorudi kutoka kupachika madirisha manane kwenye nyumba ya tajiri, mikono ingali na saruji, "Mama, si nilikuambia kibali bado?" Jibu hilo lilikuwa kweli kwa wiki mbili. Miaka yote iliyobaki ulikuwa uvivu wake, aliouvisha koti la serikali.

Binti akaja kumsaidia baba yake kusafisha. Jumamosi asubuhi Timazi akapima ukuta kwa futi na pimamaji, akachora mstari, akashika tindo na nyundo. Matofali yalikuwa yake mwenyewe, aliyapanga akiwa kijana, na yalitoka kwa shida kama yaliyokuwa na kinyongo. Kabla ya saa sita mwanga ukaingia. Uliingia wote kwa mara moja, pamoja na vumbi na sauti za watu wa kichochoroni.

Baba na binti wakainua macho. Dari ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Kwenye rafu, makopo yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, na kila kopo lilifungwa uzi shingoni.

Timazi akashusha moja. "Nyuzi hizi za nini?"

Binti akacheka. "Baba nawe! Fundo moja chumvi. Mawili sukari. Matatu majani ya chai. Hili lenye manne ni pilipili, na mimi nililikosea siku moja, ukanywa chai ukatoka mbio hadi barabarani."

"Nilidhani mlinifanyia makusudi."

"Nilikuwa na miaka saba, baba. Nilihesabu vibaya kwa vidole." Kicheko kikamwishia. "Humu usingesoma maandishi. Mama alinifundisha kupapasa kwanza, kusoma nikajifunza baadaye shuleni."

"Kwa nini hakuniambia kwamba hali ilikuwa hivi?"

Binti akamtazama bila hasira, na hapo ndipo palipouma. "Alikuambia. Aliomba dirisha."

Timazi akachukua koleo. Alichanganya saruji.

Kwa siku tisa alifanya kazi ambayo hata ujanani hakuifanya. Aliweka linta ya kubeba ukuta juu ya dirisha, akapachika fremu na vioo, akapiga plasta, akapaka chokaa mara tatu mpaka weusi ukakubali kuondoka. Bomba likanyamaza. Ngazi ya nyuma ikatulia chini ya mguu. Na kila alipomaliza kitu, aligeuza kichwa haraka ili amwonyeshe mtu, akakuta mlango mtupu. Alikuwa na maneno tayari mdomoni: *Njoo uone, mama*. Aliyameza, akaosha mwiko, akaanza kingine.

Mteja wa pili alikuwa mwenye duka la madaftari, naye alikuja na mkewe. Dalali alimvuta Timazi kando mlangoni.

"Mzee, leo wewe ni ndiyo tu. Wakisema nzuri, ndiyo. Wakisema ghali, kohoa. Historia ya nyumba niachie mimi."

Safari hii mwanamke alianzia jikoni. Alisimama mbele ya dirisha, jua limemwangukia mikononi, akapitisha kiganja kwenye kizingiti kilicholainishwa vizuri. Alikaa hapo hata mumewe akamfuata.

"Aliyepika humu," akasema taratibu, "alipendwa."

"Mno, dada yangu!" dalali akadaka. "Mzee huyu unayemwona alimtengenezea mkewe dirisha hilo kwa mikono yake. Siyo, mzee?"

Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi. Ng'ambo ya neno hilo kulikuwa na chumba chake kwa binti, sahani yake mezani, na mtu wa kumuuliza kikohozi. Timazi akafungua mdomo.

"Hapana," akasema.

Dalali akakohoa yeye.

"Dirisha hili lina siku kumi na moja. Mke wangu alikwenda kabla halijakuwepo. Alipika gizani miaka yote, na mimi ni mwashi. Nimelitoboa kwa sababu mteja alikataa nyumba."

Mwanamke akageuka, akamtazama usoni. "Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Mara ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Niliacha kusikia."

Mwanamke akafuta kizingiti kwa ncha ya kanga ingawa hakikuwa na vumbi. Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe. Umemsikia mzee?"

"Nimemsikia."

"Umesikia kwa masikio yote mawili?"

"Yote mawili, mama. Na lile kabati la nguo unaloniomba kila siku nitalileta." Akajikuna shingo, akamwambia dalali, "Lete karatasi. Mtu anayejisema mwenyewe namna hii hawezi kuwa ametuficha ufa."

Wakatia sahihi pale pale, juu ya kizingiti. Kwenye kibaraza dalali alipangusa jasho la kichwa chote. "Mzee, leo nusura uniue!" Timazi hakucheka. Alikuwa anasikia nyuma yake sauti ya mwanamke mgeni akifungua dirisha, akifunga, akifungua tena.

Basi Timazi akahamia kwa binti yake. Chumba kikajengwa, kizuri, na mezani anaitwa kila siku. Alichotaka alikipata. Lakini asubuhi, kabla ya chai, hubeba kigoda akakaa mlangoni mwa jiko la binti, akatazama.

"Baba, mbona unanitazama hivyo? Nimejipaka unga?"

"Hapana. Endelea tu."

"Siwezi kuendelea, unanitisha. Sema."

Akainamisha kichwa. "Namtafuta mama yako. Nakumbuka sauti yake mle jikoni, na kikohozi, na mfuniko ukigonga sufuria. Nakumbuka mikono ikinipa sahani mlangoni. Uso wake akiwa anapika sina. Najaribu, hauji. Sikuwahi kuuona."

Binti alisogeza jiko la mkaa hatua mbili, akasimama mahali ambapo jua lilimpiga usoni, akaendelea kukoroga.

Funzo la kisa hiki

Wakubwa wa maofisi, mnaoketi kwenye viti vinavyozunguka: haja ya mtu ikishakubaliwa, mtafuteni mwenyewe mumwambie. Droo haipiki wala haivuti moshi. Nyinyi mna deni kwa watu ambao hamtawaona tena, na mimi sitawafunika.

Lakini ukubwa hauko ofisini peke yake. Katika nyumba ile mkubwa alikuwa Timazi, na mwombaji alikuwa mkewe, naye aliambiwa "bado" mpaka akaondoka. Sisi wanaume tunaipendezesha nyumba siku mnunuzi anapokuja. Tunapaka rangi kwa ajili ya mtu wa nje, tunamzibia bomba mtu wa nje, na yule aliyekaa ndani maisha yake yote tunamwachia ndoo ya kukinga matone. Ukiweza kumfanyia mgeni kwa wiki tatu, basi mwenzako hukushindwa kumfanyia. Hukutaka.

Kwa hiyo leo ukirudi kwako, ingia jikoni mchana, umtazame vizuri anayepika. Muulize anataka nini, kisha usimame hapo hapo mpaka amalize kujibu.