Mafuta ya Bega na Pumzi ya Mtoto

Tatatata-tatatata. Kisha kimya. Tatatata. Kimya tena.

Mama alikuwa uani akianua nguo. Alisimama, akatega sikio. Cherehani ya mumewe alikuwa ameizoea. Ikianza mshono, haikuacha mpaka mwisho. Siku hizi ilikuwa inakwama katikati, kama mtu mwenye kigugumizi.

"Baba Hakimu!" aliita. "Uzi umekatika?"

"Umekatika," mumewe alijibu kutoka ndani.

Uzi ulikuwa mzima. Fundi alikuwa ameketi mbele ya cherehani, mkono wa kushoto umelikamata bega la kulia. Meno ameyauma. Maumivu yalianzia shingoni, yakashuka begani, yakatambaa mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi hiyo mkasi ulikuwa umemponyoka mara mbili.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Mkono huu ukigoma, nitakata kwa nini? Kwa meno?"

Lakini kumwambia mkewe hakutaka. Mkewe alikuwa msusi. Alisimama saa nyingi saluni, akirudi alinyonyesha, akapika, akafua. Fundi alijiambia, "Ana mzigo wake. Nisimwongezee wangu." Kumbe mzigo unaofichwa haupungui. Unakuwa mzito zaidi, tena unaangukia watu wasiohusika.

Baada ya chakula cha mchana, mkewe alimletea mtoto.

"Mshike Hakimu wako. Mimi nawahi saluni."

Mtoto alikuwa wa kike, bado hajaanza kutambaa. Walimwita Hakimu kwa sababu ya uso wake. Akikutazama tu, ulihisi umekosa jambo.

"Karibu, mheshimiwa," Fundi alimwambia. "Leo nimefungwa miaka mingapi?"

Hakimu alikunja uso. Mama alicheka, akachukua mkoba wake, akaondoka. Fundi alimlaza mtoto kitandani, mtoto akasinzia.

Haukupita muda mrefu, sauti ilisikika barabarani. Ilikuwa ya mtu mwenye kipaza sauti.

"Kiuno kikikusonga, bega likikulemea! Maumivu hujitenga, mzima wajitembea! Mafuta ya kunukia! Yamekamuliwa kwenye mimea!"

Fundi alitoka mlangoni mbio, kama aliyeitwa kwa jina lake.

"Haya ni ya nini hasa?" aliuliza.

"Mnanaa na mkaratusi, kaka yangu. Asilia tupu. Hakuna kemikali hata chembe."

"Hayana madhara?"

Muuzaji alicheka. "Fundi! Jani lina madhara gani? Mbuzi anakula majani kila siku. Umewahi kumwona kwenye foleni ya hospitali?"

Fundi naye alicheka. "Napaka vipi?"

"Unamimina, unapaka. Yakiwasha, ujue yanaingia."

Kichupa kilikuwa kidogo kama kidole gumba. Kilikuwa na picha ya jani tu. Hapakuwa na maelezo ya jinsi ya kuyatumia, wala onyo lolote. Fundi alivua shati, akamimina mafuta kiganjani, akayapaka shingoni na begani. Mwanzo alihisi baridi. Kisha ngozi ikaanza kuwaka.

"Yanaingia," alisema.

Hata hivyo hakuridhika. Ufundi wake ulimtuma mbali zaidi. Kitambaa kigumu hakinyooki bila joto, aliwaza. Itakuwaje bega ligeuke laini bila joto? Basi alikilowesha kile kitambaa anachotandika juu ya nguo akipiga pasi. Alikipitishia pasi mpaka kikafuka mvuke. Akakilaza begani, juu ya mafuta.

Alikaribia kupiga yowe. Machozi yalimtoka. Harufu ilijaa chumba kizima.

"Vumilia, mwanamume," alijiambia. "Dawa kali ndiyo dawa."

Hapo ndipo Hakimu aliposhtuka usingizini, akalia. Fundi alivaa shati haraka, akamchukua. Akamlaza begani kama kawaida, pua yake ndogo ikiwa shingoni pa baba, akaanza kumbembeleza.

Mtoto hakunyamaza. Alikohoa. Akakohoa tena. Kisha kilio kikabadilika. Kilikuwa kama mlio wa mlango unaofunguka kwa shida. Kila alipovuta pumzi, kifua chake kilibonyea chini ya mbavu.

"Hakimu? Hakimu, mama, una nini?"

Alimsogeza mbele ili amtazame usoni. Midomo ya mtoto ilikuwa inapoteza rangi.

Fundi hakukumbuka viatu. Alivuka uchochoro, akaupiga mlango wa jirani kwa ngumi. Jirani huyo alikuwa mfamasia, yaani mtaalamu wa dawa, katika kituo cha afya. Siku hiyo ilikuwa yake ya mapumziko.

"Dada! Dada, nifungulie! Mtoto!"

Mlango ulifunguka. Mfamasia alivuta harufu kabla hajauliza lolote.

"Umempaka nini mtoto?"

"Sijampaka kitu! Nimejipaka mwenyewe, begani."

"Halafu ukambeba begani hapo hapo?"

"Ndiyo."

"Nipe. Nipe mtoto, shemeji! Wewe rudi nyuma."

"Ni mwanangu, dada, niache nim—"

"Nyuma, nimesema! Harufu iliyomziba pumzi iko mwilini mwako."

Fundi alirudi nyuma. Hakuna hatua iliyowahi kumuuma kama zile. Mfamasia alimtoa mtoto nje, penye hewa. Alimvua kigauni chenye harufu, akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji, akamfunika kwa khanga safi. Alimshika wima ili avute pumzi vizuri.

"Kichupa kiko wapi? Kilete. Daktari lazima akione. Hilo shati litupe huko, vaa jingine. Na usimguse mtoto!"

Teksi ilipatikana barabarani. Mfamasia alikaa nyuma na mtoto, madirisha yote wazi. Fundi alikaa mbele, kichupa mkononi. Alisikia ule mlio nyuma yake. Uliposikika, aliogopa. Ulipofifia, aliogopa zaidi.

"Bado anapumua, dada?"

"Anapumua. Dereva, tafadhali, ongeza mwendo."

"Na sasa?"

"Anapumua, shemeji. Omba Mungu, wala usigeuke."

Kituoni, muuguzi alimpokea mtoto mlangoni. Waliingia naye chumba cha dharura, pazia likavutwa. Muuguzi mwingine alimpeleka Fundi kwenye bomba. Aliyafuta mafuta begani kwa kitambaa, akamwosha kwa sabuni na maji mengi. Ngozi ilikuwa nyekundu na imetoka malengelenge.

"Hapa umeunguzwa na nini?"

"Mafuta," Fundi alisema kwa aibu. "Na kitambaa cha pasi."

Muuguzi alifunga bega kwa bandeji. Fundi angependa agombezwe.

Mkewe, aliyepigiwa simu na mfamasia, alifika akihema, kitana bado kimechomekwa nyweleni.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Ndani. Wanamwekea hewa."

"Amepatwa na nini? Si nilimwacha mzima?"

Fundi alitafuta uongo mdogo, kama ule wa uzi. Haukupatikana. Akamweleza yote: bega, mkasi, muuzaji, mafuta, pasi.

Mama alimtazama kama hamjui. "Tangu lini unaumwa?"

"Tangu kabla ya mwezi huu kuanza."

"Na mimi nalala wapi? Silali kitanda kimoja na wewe? Mtu wa barabarani amejua kabla yangu!"

Walikaa kwenye benchi. Mama alilia kimya kimya, mikono mapajani. Kila pazia lilipotikisika, wote wawili waliinuka.

Mwishowe daktari alitoka.

"Pumzi inarudi vizuri," alisema. "Njia ya hewa ilikuwa imebana. Tutabaki naye mpaka kesho tumwangalie. Mmemleta mapema, hilo limemsaidia. Mama, njoo umnyonyeshe."

Mama aliingia. Fundi alibaki mlangoni, akiogopa kuvuka.

"Umeoshwa?" mfamasia alimuuliza.

"Nimeoshwa."

"Basi ingia umwone. Ila kumbeba, subiri harufu iishe kabisa."

Hakimu alikuwa kifuani mwa mama yake. Alimtazama baba yake kwa jicho moja, akakunja uso.

"Nimekosa, mheshimiwa," Fundi alisema.

Mtoto alipolala, mfamasia alivuta kiti. Mama ndiye aliyeanza kuuliza.

"Dada, sielewi. Si walisema ni ya asili?"

"Pilipili nayo ni ya asili. Mbona huitii machoni?"

Mama alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Sikilizeni," mfamasia aliendelea. "Mafuta haya si kama ya kupikia. Rundo kubwa la majani linakamuliwa, linatoa kichupa kidogo. Nguvu yote imo humo. Mnanaa na mkaratusi vinaweza kumbana pumzi mtoto mchanga, hata akinusa tu kwa karibu. Mtoto mdogo hapakwi, hawekewi puani, wala habebwi na mtu aliyejipaka."

"Kwa hiyo ni sumu?" Fundi aliuliza. "Nikayatupe?"

"Hicho kichupa kisichosema kina nini, ndiyo, tusikitumie. Lakini mafuta mazuri yanaweza kumsaidia mtu mzima mwenye misuli iliyokaza. Yanatuliza. Hayatibu chanzo. Na yana masharti yake. Ulikosea wapi, unafikiri?"

"Niliyamimina makali."

"Hilo la kwanza. Lazima yapunguzwe. Chukua kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi au alizeti. Tia matone matatu tu. Halafu?"

"Pasi," Fundi alisema, akiinamisha kichwa.

Mfamasia alishindwa kujizuia, akacheka. "Shemeji, bega si suruali! Joto linayasukuma mafuta ndani ya ngozi haraka, yanaunguza. Usiweke kitu cha moto juu yake."

"Muuzaji alisema yakiwasha yanaingia."

"Yakiwasha yanakuonya! Kabla ya kupaka bega zima, jaribu kidogo sana upande wa ndani wa mkono, ukishapunguza makali. Subiri mpaka kesho yake. Ngozi ikiwa nyekundu au ikiwasha, hayakufai. Usipake kwenye kidonda, wala karibu na macho. Na kunywa ni mwiko kabisa."

"Mtoto akiyanywa bahati mbaya?" Mama aliuliza.

"Usimtapishe. Kimbia naye hospitali, na kichupa chake. Lakini ukikiweka juu, ukakifungia, hatafika huko."

"Na mimi ninayenyonyesha? Miguu inaniuma nikitoka saluni."

"Uliza kwanza kwa mtaalamu, usijianzie. Vivyo hivyo mjamzito, na mwenye pumu. Sasa, shemeji, hilo bega. Mkasi ulikuponyoka kweli?"

"Kweli."

"Hapo mafuta hayana kazi. Mkono ukipoteza nguvu au ukifa ganzi, unaonwa na daktari. Na maumivu ya bega yakija na kubanwa kifua au jasho la ghafla, ni mbio za hospitali. Mafuta yanaweza kukunyamazishia kengele wakati nyumba inaungua."

Kesho yake Hakimu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kabla ya kuondoka, Fundi alipimwa mkono na shingo. Daktari alimuuliza anaketi vipi kazini. Fundi alimwonyesha.

"Kiti chako ni kifupi," daktari alisema. "Siku nzima unashona umeinua bega, kama mtu anayesema 'sijui'. Mshipa wa fahamu umebanwa. Inua kiti. Simama mara kwa mara, unyooshe shingo. Na uje tukufundishe mazoezi."

Fundi alienda kwa seremala siku hiyo hiyo, akarefushiwa miguu ya kiti. Alihudhuria mazoezi bila kukosa. Ngozi ilipopona, alinunua mafuta ya mnanaa kwenye duka la dawa, yenye maelezo kamili. Aliyajaribu kwanza mkononi, akasubiri. Jioni, Hakimu akishalala chumba cha pili, mkewe alimkanda bega kwa mafuta yaliyopunguzwa makali. Kisha aliosha mikono kwa sabuni, na Fundi akaoga kabla ya kumgusa mtoto. Kichupa kilikaa juu ya kabati, ndani ya kopo lenye kufuli.

Maumivu hayakutoweka kwa siku moja. Yalipungua pole pole. Mkasi ulikaa mkononi. Mishono ilinyooka. Lakini Mama bado aliamka ghafla usingizini, akaweka kiganja chake mbele ya pua ya mtoto, akangoja ile pumzi yenye joto.

Jioni moja alikuwa anamkanda mumewe. Alibonyeza karibu na shingo. Fundi akashtuka.

"Inauma?"

"Aa, kidog—" Fundi alianza. Akajikatiza.

"Inauma," alisema. "Hapo hapo. Na leo kidole hiki cha mwisho kimekufa ganzi tangu mchana. Naogopa."

Mama alifuta mikono yake, akazunguka, akaketi mbele yake.

"Kesho tunakwenda kwa daktari pamoja. Saluni itanisubiri."

"Sikutaka kukulemea."

"Ulinilemea uliponyamaza, Baba Hakimu. Siku ile nilikaa kwenye benchi namngoja mtoto, namngoja na baba yake."

Fundi aliishika mikono yake miwili.

"Nisikilize, mke wangu. Kuanzia leo, mahali popote mwilini mwangu pakiniuma, wewe ndiye utakayejua kwanza. Kabla ya muuzaji, kabla ya jirani, kabla sijagusa dawa yoyote. Nakuahidi."