Kituo cha Shangazi

Mkemia wa mtambo wa maji alikutwa saa moja asubuhi, akielea kifudifudi kwenye tangi la tatu la mchujo, kamba ya miwani ikiwa bado shingoni. Maji yalikuwa yametulia mno. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walisimama juu ya kidaraja cha chuma wakimtazama kwa muda kabla ya mmoja wao kukumbuka kwamba inafaa kupiga simu.

Inspekta alifika saa mbili kasoro. Wenzake kazini walimwita Kobe, kwanza kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, pili kwa sababu ya tabia yake ya kufumba macho mtu anapozungumza naye, ukadhani amejilalia zake. Wengi walimwaga uongo wao wote mbele ya macho yale, wakaja kujuta.

Asubuhi ile karibu alale kweli. Ukungu ulikuwa haujainuka, maji yalikuwa yakiingia tangi hili na kutokea lile kwa sauti ndogo isiyokoma, na kwa kitambo Inspekta alisahau kabisa amefuata nini pale. Alijiona mtoto, amelazwa mahali fulani, na mtu anamimina maji chumba cha pili.

"Jeraha kisogoni," alisema daktari wa polisi, amechuchumaa kando ya mwili. "Aligonga reli ya kidaraja. Lakini alikuwa hai alipoingia majini, ona povu hili puani. Nitakuhakikishia nikishampasua."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa, saa kumi za usiku. Usinibane kwa hilo, maji ya baridi huongopa."

"Kuanguka au kusukumwa?"

"Kitufe cha koti kimeng'oka na kipande cha kitambaa. Mtu akiteleza hajing'oi kitufe."

Meneja wa mtambo alikuja mbiombio na karatasi mkononi. Alikuwa ameichapisha kutoka kwenye sanduku la malalamiko, lile ambalo wateja huandikia kupitia tovuti. Inspekta aliisoma polepole, kama asomavyo kila kitu:

*Mmetunywesha uchafu, watoto wetu wakalazwa. Mkemia wenu yuko tangi la tatu. Huyo ni wa kwanza.*

Ilikuwa imetumwa saa kumi na moja na dakika tisa alfajiri. Karibu saa mbili nzima kabla ya maiti kuonekana.

"Watoto gani?" Inspekta aliuliza.

"Wiki mbili zilizopita, afande. Dawa ya maji ilikatika usiku mmoja na kengele ya tahadhari haikulia. Watoto kumi na mmoja wa mtaa wa chini wakashikwa na tumbo. Mungu alisaidia, wote walipona. Marehemu alikuwa akichunguza kwa nini kengele haikulia. Aliniahidi ripoti leo."

"Leo hii?"

"Leo hii, afande."

Usiku huo zamuni walikuwa wawili tu: marehemu, na fundi wa kompyuta anayeangalia mitambo. Fundi alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kijana wa miaka thelathini hivi, macho mekundu. Mikono yake ilikuwa imeshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Hukusikia kitu?"

"Nilikuwa chumba cha mitambo, afande. Na haya maji yana kelele. Ukikaa hapa mwaka mmoja, masikio yanazoea, husikii tena kitu."

"Alikuwa rafiki yako?"

"Kila zamu tulikunywa chai pamoja." Alitazama kikombe. "Kila zamu."

Inspekta alimruhusu akalale.

Kufika saa sita mchana, Sajini alikuwa ameshapata mwenye waraka. Sajini alikuwa mwanamke mwepesi, wa moto, kinyume kabisa cha bosi wake, na labda ndiyo maana walielewana. Sanduku la malalamiko huhifadhi anwani ya mtandao ya kila anayeandika. Anwani hii ilikuwa ya seva ya kukodi, katika kampuni inayokodisha kompyuta zake kwa yeyote duniani, na kampuni haikusita kutoa jina la mpangaji.

"Bibi wa miaka sitini na minane," Sajini alisema. "Mstaafu. Alikuwa opereta wa simu. Na mkuu anasema kabla jua halijazama awe ndani."

"Bibi amemsukuma mtu tangini?"

"Mkuu hakuuliza hilo, afande. Waandishi wa habari wako mlangoni kwake."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, pazia la kijani likipunga. Mwenyewe aliwafungulia, mwembamba, miwani mizito, kanga mabegani. Sajini aliamkia, akaitikiwa, kisha akasahau adabu zote.

"Mama, seva hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Unaifanyia nini?"

"Napokea ujumbe wa watu, naupitisha mbele." Aliwaonyesha kompyuta ya zamani juu ya meza ya cherehani, na pembeni yake daftari lenye mwandiko wa kupendeza, kila hatua imeandikwa na kuwekewa tiki. "Kuna watu wanaishi na wanaowapekua. Mume anayefungua simu ya mkewe. Mkubwa wa kazi anayetaka kujua nani kamsema. Watu hao wana mtandao wao wa siri. Ujumbe haupiti njia moja, unapita vituo vitatu. Wa kwanza anajua umetoka kwa nani, hajui unakwenda wapi. Wa mwisho anajua unakwenda wapi, hajui umetoka kwa nani. Mimi ni wa kati. Sijui chochote, na nimefurahi hivyo."

"Nani anakulipa?"

"Hakuna. Miaka thelathini na mmoja niliunganisha watu, mwanangu. Waya huku, waya kule, taa inawaka, taa inazima. Tuliapa kutotoa nje tulichosikia. Mtu analia kwenye laini, nawe unachomoa kisikilizio sikioni ili asilie mbele ya mgeni. Nilipostaafu mikono iliniwasha."

Inspekta alikuwa amefumba macho. Aliuona ule ukumbi, safu ya wasichana wamekaa wima, kamba zikipishana mbele yao, na kila kamba ina mtu upande huu na mtu upande ule, wote wananong'ona mpaka hewa imekuwa nzito na laini. Alitamani kubaki humo kidogo.

"Basi muuaji amepitia kwako," Sajini alisema. "Barua imetokea kwenye seva yako."

"Haiwezekani."

"Mama, anwani ni yako."

"Nimekwambia mimi ni wa kati. Ujumbe unaoingia kwangu unakwenda kituo kingine, hautoki nje. Mlango wa kutokea nimeufunga." Alifungua ukurasa wa daftari na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. "Mwanzoni ulikuwa wazi. Kisha nikasoma maelekezo mpaka mwisho, maana sisi opereta tulifundishwa kusoma mpaka mwisho, nikaona wameandika: ukiuacha wazi, ubaya wa watu utaonekana umetoka kwako, na polisi watakuja kugonga. Nikaufunga siku hiyohiyo. Na bado mmekuja kugonga."

Inspekta alitabasamu bila kufumbua macho. "Sajini, piga maabara."

Fundi wa maabara ya polisi hakuchukua dakika kumi. Orodha ya vituo vyote vya mtandao ule iko wazi kwa dunia nzima, alisema, na historia yake pia. Kituo cha bibi kilikuwa cha kati tu, mlango wa kutokea umefungwa kwa miezi mitano mfululizo.

"Sasa barua imetokaje pale?" Sajini aliuliza simuni.

"Haikupitia mtandao. Kuna mtu ameingia kwenye seva yenyewe, kwa ufunguo wake, akaiandika kutokea humo."

Sajini alikata simu na kumgeukia bibi. "Nani ana ufunguo?"

Bibi alilifunga daftari.

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa, akaivua tena. Nje waandishi walikuwa wakicheka jambo lao. Inspekta alifumbua macho.

"Mama. Asiposema mtu, utalala ndani wewe. Mkuu wangu ana haraka, mimi sina, lakini yeye ndiye mkuu."

"Nimeshalala kwenye vitanda vibaya."

"Aliyekufa ana mke. Nimetoka kumwona. Aliniuliza kama alikufa akisikia baridi."

Mama wa watu alikaa. Kuna wanaodhani kutunza siri ni kuziba mdomo tu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na bibi huyu alikuwa kata tangu ujana wake. Alichokuwa akipima pale ni kama hii ilikuwa siri aliyoapa kuitunza, au kitu kingine kilichovaa nguo zake.

"Wanaopita sitawasema," alisema hatimaye. "Hata mngenikata kichwa. Siwaandiki, na siwajui." Aliivuta kompyuta karibu. "Lakini huyu hakupita. Huyu aliingia. Na mlango wa nyumba yangu unaandika nani kaingia."

Alipiga herufi taratibu, kidole kimoja kimoja. Mistari ikajitokeza. Funguo zilizosajiliwa zilikuwa mbili. Wa kwanza ulikuwa wake, na ulilala tangu Jumapili. Wa pili uliingia saa kumi na moja na dakika mbili alfajiri ile, kutokea kwenye laini ya mtambo wa maji, ukatoka baada ya dakika tisa.

Bibi aliitazama ile mistari.

"Ni mtoto wa kaka yangu," alisema. "Nimemlea tangu ana miaka minne. Ndiye aliyenisaidia kuanzisha kituo, na ufunguo wa pili ni wake."

"Anafanya kazi wapi?" Sajini aliuliza, ingawa tayari alikuwa ameshika funguo za gari.

"Mtambo wa maji, fundi wa kompyuta. Si mmetoka huko asubuhi?"

Walimkuta fundi chumbani kwake, hajalala, hajavua hata viatu. Alipomwona Inspekta alinyanyuka kama mtu aliyeitwa jina. Mfukoni mwa suruali yake kilikuwamo kipande cha kitambaa cha koti chenye kitufe. Hakuwa amekitupa. Alisema alijaribu mara tatu akashindwa.

Kituoni alikaa kwenye benchi la mahojiano. Bibi alikuwa ukumbini akisubiri kutia sahihi maelezo yake, na Inspekta, kinyume cha utaratibu, alimruhusu aingie akae pembeni.

"Kengele ya dawa," Inspekta alisema. "Nani aliizima?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inalia ovyo, afande. Kila usiku, bila sababu. Nilikuwa nataka kulala. Niliizima kwenye programu, nikasema nitaiwasha asubuhi. Nikasahau siku nne. Siku ya nne dawa ilikatika kweli."

"Marehemu akagundua."

"Jana usiku. Alinionyesha kwenye karatasi, saa niliyoizima, jina langu. Alikuwa analia yeye, si mimi. Akasema, ndugu yangu, kesho lazima nipeleke. Nikamwomba. Nikamwambia mtaa mzima watanijua kama mtu aliyewapa watoto sumu ili apate usingizi. Akasema anajua. Akaanza kuondoka kwenye kidaraja. Nikamshika koti arudi tuongee." Alitazama mikono yake. "Alijivuta, nami nikasukuma. Sijui kipi kilitangulia. Ningeweza kumtoa majini. Nilisimama. Maji yalimchukua taratibu sana, na mimi nikasimama tu kama naota."

"Halafu ukaandika barua."

"Nilitaka muwatafute watu wenye hasira. Nilidhani mlango wa kutokea uko wazi, kama nilivyouacha. Polisi wangefika kwa seva, wangeambiwa ni mtandao wa siri, wangekata tamaa."

"Wangefika kwa shangazi yako. Jina ni lake."

Ndipo bibi aliposema, kwa sauti ya chini, ile sauti ya kumuuliza mtu namba anayoitaka.

"Ulijua watanijia mimi?"

"Nilijua, shangazi."

"Na bado ukafanya?"

"Nilijua hutasema." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Maisha yako yote hujawahi kusema la mtu. Nilijua hata wakikufunga, hutasema."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Na ningefungwa," bibi alisema, "ungekuwa unakuja kuniona?"

"Kila Jumapili, shangazi. Haki ya Mungu. Nisingekosa hata moja."

Alisema kwa moyo wote, na kila aliyekuwamo mle chumbani alijua anasema kweli. Bibi aliinuka, akaivuta karatasi ya maelezo yake mezani, akaisoma mpaka mwisho, akatia sahihi. Kisha akaenda pale benchini, akamfunga mpwa wake kitufe cha juu cha shati kilichokuwa wazi.

"Basi nitakuja mimi," alisema.