Niliandika Kuhusu Wachongezi wa Kisovieti, Kisha Nikawa Mmoja Wao

Nina miaka ishirini na sita, Mkenya, naishi Guildford hapa Sydney. Haya ninayoyaandika hata mama yangu hayajui.

Nilimaliza chuo mwaka ule korona ilipoingia. Tasnifu yangu ilihusu mabango ya propaganda ya Kisovieti, yale yaliyowaambia watu wakae macho, kwamba adui amejificha miongoni mwao. Niliandika kuwa baadhi ya waliowachongea jirani zao hawakujali siasa hata kidogo. Walikuwa na chuki zao tu... pengine walitaka chumba cha jirani.

Nilimpa rafiki yangu Espe aisome. Ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na tulikuwa tukisali kanisa moja. Baadaye nikamwona mtandaoni akiwahutubia watu wa jumba moja la makumbusho kuhusu mabango yaleyale, kwa maneno yangu, hata na mzaha wangu juu ya bango la mama mwenye kitambaa chekundu na kidole mdomoni. Jina langu hakulitaja. Wakampa kazi ambayo mimi pia nilikuwa nimeiomba.

Nikampigia. Akacheka. “Dada, si ni mabango ya Warusi? Yamekuwa yako lini?”

Niliandika ujumbe wa kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Je, nilikuwa na wivu? Au nilikuwa mjinga tu?

Kisha mji ukafungwa, wageni wakapigwa marufuku majumbani. Jumamosi moja nikapita kwao, nikaona magari saba na kusikia nyimbo. Nikasema, anasherehekea kazi yangu! Redio ilituhimiza kuripoti wanaovunja masharti. Nikapiga simu polisi, nikataja mtaa na namba ya nyumba. Nakiri, nilisikia utamu moyoni.

Jioni Espe akanipigia akilia. Baba yake alikuwa amefariki Burundi. Walikuwa wakitazama mazishi kwenye simu, waumini wamekuja kumpa mama yake pole. Askari waliwatawanya kabla jeneza halijashushwa. Mama alipoona sare alikimbilia chooni, akajifungia.

“Kuna mtu ametuchongea, dada. Nilitaka kukuita wewe msibani, nikaona aibu kwa nilivyokutendea. Nisamehe.”

Nilisema pole. Pole tu...

Wiki iliyofuata nikamwambia ukweli. Akakata simu, na hadi leo hapokei yangu. Hasira ya ile kazi bado ninayo, wasomaji, lakini sina tena uso wa kumlaumu.

Wewe uliyeibiwa jasho lako, nakusihi, mfuate mwizi wako mwenyewe. Mpigie, mtukane mchana kutwa ukitaka. Lakini mpigie yeye.