Kisu cha Sironka Hakipandi Mfukoni

Kila asubuhi Sironka alitoka na ng'ombe wake pale kijijini Olbalbal. Mfukoni mwa koti alikuwa na kisu kidogo cha kukunja na kibano cha kung'olea miiba. Mkewe, Nosim, alibaki nyumbani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Siku hizi alikuwa akimimina maziwa nje ya kibuyu, na jambo hilo lilimtia aibu.

Mwaka 1984 mtoto wao Tajewo, aliyefanya kazi Dar es Salaam, aliwatafutia daktari wa macho. Akawanunulia tiketi za ndege, ili mama asiumizwe na vumbi la barabara.

Wakalala Karatu kwa Marsela, muuguzi wa zahanati. Marsela alikuwa amewahi kusafiri kwa ndege. Alimkuta Sironka akichonga mswaki wa mti kwa kisu chake.

"Shikamoo, mzee. Hicho kisu usiingie nacho kwenye ndege."

"Marahaba. Kwa nini? Mimi si mwizi!"

"Hakuna aliyesema hivyo. Ila huko duniani watu wameteka ndege kwa silaha. Sasa kila abiria anapekuliwa, hata wakubwa. Kitu chenye makali kitie kwenye mfuko unaopimwa kwenye mizani. Huo husafiri chini, tumboni mwa ndege."

"Nitauona tena?"

"Utapewa kikaratasi chenye namba. Ukifika, unakionyesha, unachukua mfuko wako."

Sironka aliendelea kuchonga mswaki wake. Asubuhi akakitia kisu mfukoni kama kawaida.

Kwenye uwanja wa ndege askari alimpapasa koti. "Mzee, hiki nini?"

"Kisu changu. Nachunia mbuzi."

"Huwezi kupanda nacho."

"Basi sipandi!"

Watu nyuma yao wakaanza kunung'unika. Nosim akapapasa mpaka akaupata mkono wa mumewe.

"Baba Tajewo, mimi sioni njia. Ukibaki hapa, nani atanifikisha kwa daktari?"

Sironka alimtazama mkewe. Hasira ikamtoka.

"Kijana," akamwambia askari, "mfuko wa kwenda chini bado unapokelewa?"

"Ndiyo, mzee. Wahi kwenye mizani."

Akaviviringisha kisu na kibano ndani ya shuka, akavitia kwenye mfuko wake wa safari. Mfuko ukapimwa, ukafungwa namba. Akapewa kikaratasi chake. Alipopekuliwa tena, askari akamwambia, "Safari njema."

Dar es Salaam alikionyesha kile kikaratasi, akapewa mfuko. Akaufungua palepale mbele ya watu. Kisu kilikuwamo. Akacheka peke yake.

Nosim akapasuliwa macho, na baada ya majuma kadhaa daktari akawaruhusu kurudi.

Safari hii Sironka alifungasha kisu kabla hata ya chai. Kwenye foleni akamwona mtu mwenye bisibisi mfukoni mwa shati.

"Ndugu, itie kwenye mzigo wa chini. Haitapotea."

Hakuna aliyewazuia. Ndege ilipokaribia kutua, Nosim alikuwa dirishani.

"Baba Tajewo! Ng'ombe!"

"Wako wapi?"

"Kule! Yule mwekundu wa mbele ana baka jeupe shingoni. Kwani wewe huwaoni?"

Sironka akainama haraka kutazama, lakini ndege ilikuwa imekwisha kuwapita.