Nukta Tatu za Kijani

Simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena.

Siafu alikuwa chini ya meza ya fundi, vidole vimejaa grisi, akitafuta skrubu iliyodondoka. Alipokea akiwa huko huko chini.

"Mgonjwa wa macho yuko njiani," sauti ya Mkuu ilisema. "Mpe miwani anayoitaka."

"Halafu?"

"Halafu mwache aende zake. Usimguse. Atatupeleka kwa Tajiri."

"Mkuu, huyo mtu ameletwa kumuua mdogo wangu."

"Ameletwa kumuua shahidi wa serikali."

"Shahidi wa serikali ananiita dada!"

"Yuko ndani, analindwa, hatoki. Fanya kazi."

Simu ikakatika.

Siafu aliinuka kwa hasira, akagonga kichwa. Akaitukana meza, kwa kuwa Mkuu alikuwa mbali.

Ofisini, kwenye upelelezi wa polisi, walimwita Siafu kwa sababu ya ufupi wake, na kwa sababu aliyemkanyaga hakuhitaji kuelezwa kilichompata. Karakana ile ya silaha haikuwa yake. Mwenyewe alikuwa rumande. Mbele aliwatengenezea walinzi wa benki, na kwa mlango wa nyuma akawatengenezea wauza magendo. Tangu akamatwe, Siafu ndiye aliyekalia kigoda chake, akijifanya mpwa wake.

Mdogo wake alikuwa mkaguzi wa forodha. Alifungua kontena la vigae, akakuta vigae safu moja tu, chini yake bunduki. Wakamwambia afumbe macho. Hakufumba. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba na kesi ya kutolea ushahidi. Mwenye mzigo, yule waliyemwita Tajiri, hakuna aliyepata kumwona sura. Ila pesa zake zilikuwa zimeleta mpiga risasi kutoka nje ya nchi.

Manukato yalitangulia kuingia. Mwenyewe akafuata.

Suti ya kijivu. Viatu vinavyong'aa. Kiswahili kimenyooka kama kilichopigwa pasi. Siafu alimwita Mtanashati moyoni, na jina lingine ambalo halifai kuandikwa.

"Fundi yuko wapi?"

"Mjomba amelazwa. Mimi ndiye mkono wake."

"Mwanamke?"

"Umekuja kuoa au kutengenezewa?"

Mtanashati alicheka kidogo. Akaweka mezani bastola, Glock 19. Mtutu wake ulichomoza mbele, ncha ina nyuzi za kufungia kiwambo cha kuzuia sauti.

"Vilengeo hivi vya kiwandani ving'oe," alisema. "Nataka virefu. Vinavyowaka."

Virefu, maana kiwambo kikishafungwa hufunika vile vifupi, na mtu hubaki analenga bomba. Hilo Siafu alilijua. Vinavyowaka ndivyo vilivyomkereketa.

"Lazima nikuulize, ili nisikuharibie," alisema. "Mbali au karibu?"

"Karibu. Chumbani."

"Mwanga?"

"Taa zitakuwa zimezimwa. Kuna mwanga wa skrini tu."

"Mh! Sinema?"

"Nuru ya vilengeo itaonekana kwa mtu aliye mbele yangu? Nitakuwa nyuma ya pazia."

"Haionekani. Inakutazama wewe mwenye kushika."

"Basi fanya haraka. Ni leo asubuhi hii."

Alisimama nyuma ya Siafu, mkono ndani ya koti. Hakuwa anatafuta leso.

Siafu aliifungua bastola, akabana sehemu ya juu kwenye jiliwa, kati ya vipande viwili vya mbao ili isichubuke. Kilengeo cha nyuma, kile chenye mwanya, akakisukuma kando kwa kipande cha shaba na nyundo ndogo. Kikatoka kinalia. Cha mbele kilishikwa na skrubu kwa chini. Akaifungua, kikamdondokea kiganjani, kipande cha plastiki kama jino la mtoto.

Akatia vipya. Vya chuma, virefu. Nukta mbili nyuma, moja mbele, kila moja na kichupa chake cha gesi kinachong'aa kijani bila betri. Tone la gundi kwenye nyuzi. Akakaza. Akapima katikati, akagonga kidogo, akapima tena.

Angeweza kuvipindisha, risasi ziende kombo. Vidole vilimwasha. Lakini bwana yule alikuwa na bastola ya pili mgongoni kwake, na amri ilikuwa amri.

Mtanashati alijaribu kwenye pipa la mchanga uani. Risasi mbili. Matundu yaligusana.

Akamgonga Siafu shavuni kwa vidole viwili, kama mtu anayesifu punda. "Kwa mwanamke, si haba."

Akaondoka.

Siafu alibaki ameshika shavu. Alikuwa amefanya kazi nzuri, na hilo ndilo lililomuuma.

Akampigia mdogo wake, apate tu kusikia sauti.

"Dada! Niko kliniki yangu ile ile, naingia sasa hivi kumwona mtoto kwenye mashine."

"Uko *wapi*?"

"Mkuu wenu ameruhusu, mume wangu ndiye aliyeniambia. Tumetoka nyumbani kwa mlango wa jikoni, tusiwasumbue walinzi. Dada, chumba ni giza, utadhani—"

"Toka humo!"

"Nesi anasema nizime simu."

Ikazimwa.

Giza. Skrini. Pazia.

Siafu alibonyeza namba nyingine huku tayari anakimbia.

"Mkuu, umemruhusu mdogo wangu kwenda kliniki?"

"Hakuna aliyeniomba ruhusa. Walinzi wanasema amelala."

"Nani kawaambia amelala?"

"Mumewe," Mkuu alisema.

"Mpaka walinzi waende kumwamsha, atakuwa marehemu."

"Siafu, subiri kikosi! Usiingie peke—"

Alikata. Kikosi kingekuja baada ya kujaza mafuta, kusaini gari na kugombania kiti cha mbele.

Pikipiki yake ya Yamaha iliruka ukingo wa barabara. Lori likapiga honi, Siafu akalijibu kwa mdomo. Akapita upande usio wake, juu ya bustani ya mzunguko, katikati ya maua ya manispaa. Shemeji! Yule anayemwekea mkewe mto mgongoni! Anayewapelekea walinzi chai kwa trei!

Kliniki ilijaa. Wajawazito walikaa kwenye mabenchi pande zote mbili za korido, na Siafu alipowapita mbio, walimjia juu.

"Foleni, dada!"

"Na sisi tuna matumbo, wewe huna hata dalili!"

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa na taa nyekundu juu yake. Siafu hakuuendea. Mpiga risasi hapiti mlango wenye benchi la mashahidi. Alizunguka kwa nyuma, akakuta mlango wa wafanyakazi. Haukufungwa kwa ufunguo.

Akaingia.

Giza. Mashine ilikoroma. Ng'ambo ya pazia jeupe mtaalamu alisema, "Tulia hivyo hivyo, mama, nimpate kichwa."

Na mbele ya Siafu, hatua chache tu, zilielea nukta tatu za kijani.

Kazi yake mwenyewe. Zimekaa mstari mmoja, sawasawa. Zimepita upenyo wa pazia, zikaelekea kitandani. Juu ya skrini mtoto alirusha teke.

Kumpiga risasi hakuwezekani. Ingempita, ikamfikia mdogo wake.

Siafu alipapasa ukuta. Swichi.

Taa zote zikawaka.

Mtanashati alifumba macho. Siafu alishachomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akaushusha kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikakohoa, risasi ikaingia darini, unga wa chokaa ukamwagika juu ya suti. Mkono wa pili ukakimbilia koti. Mtungi ukaufuata. Kisha goti. Kisha, kwa kuwa hasira haikuwa imekwisha, shavu.

"Kwa mwanamke, vipi?" Siafu aliuliza.

Mtanashati alikuwa amelala.

Siafu akamfunga pingu kwenye bomba la maji, akamnyang'anya bastola zote mbili. Mtaalamu alikuwa chini ya meza, na hakuonyesha nia ya kutoka. Mdogo wake aliketi kitandani, tumbo linateleza kwa mafuta ya mashine, macho yamemtoka.

"Dada, huyu nani?"

"Ameletwa kwa ajili yako."

Ndani ya suti simu ikatetemeka. Siafu aliitoa. Kioo kiliandika *Tajiri*. Akapokea, akaiweka sikioni.

"Tayari?"

Sauti ile aliijua. Ilishamwambia mara nyingi, karibu mezani, shemeji, hapa ni kwako.

Siafu alisogeza pazia la dirisha. Uwanjani, ndani ya Toyota nyeupe, mume wa mdogo wake alikuwa na simu sikioni.

"Tayari, shemeji," alisema.

Simu ikamponyoka yule bwana. Gari likaunguruma, likarudi nyuma, likagonga pipa la taka, likageukia geti.

Siafu alifungua dirisha. Akainua Glock ya Mtanashati. Nukta mbili nyuma, moja mbele, tairi katikati. Akavuta.

Bastola ikakohoa. Tairi likakata roho. Toyota ikayumba, ikajibamiza ubavu kwenye nguzo ya geti.

Siafu alipofika, shemeji alikuwa bado anahangaika na mkanda. Akamtia pingu nyingine kwenye usukani.

"Shemeji, umekosea, mimi nilikuwa nasubiri tu..."

"Nyamaza. Nisije nikapandwa na hasira zaidi ya hapa."

Mdogo wake alitoka polepole, gauni la kliniki limefungwa kwa nyuma, peku. Wajawazito wote walikuwa wamemwagika uwanjani, wakamfuata kwa macho. Foleni ilikuwa imesahauliwa.

"Mke wangu, nisikilize," shemeji alisema.

"Nimekusikiliza asubuhi. Ulisema Mkuu ameruhusu." Sauti yake haikupanda. "Vigae vile vilikuwa vyako?"

Mume alitazama usukani.

"Mtoto wako alikuwa kwenye skrini," mkewe alisema. "Ungeingia ungemwona."

Akapitisha mkono dirishani, akachomoa funguo.

"Gari nimelilipia mimi. Wewe utapanda la serikali."

Akageuka kuelekea ndani. Mlangoni akamwita mtaalamu atoke chini ya meza, wamalizie kichwa.

King'ora cha kikosi kilisikika kwa mbali. Simu ya Siafu ililia: Mkuu. Akaiacha ilie. Akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akapita polepole katikati ya wajawazito kama mtu aliyekuja kupima presha.