Ua Safi, Mtaro Ulioziba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asmaa alifagia ua wa nyumbani kwao. Walikaa Karatu mjini, katika nyumba ya baba yake, Bwana Ismaili, mwenye duka la vyakula. Upande wa chini wa ua palikuwa na vyumba vya kupangisha. Chumba cha mwisho, karibu na geti, alipanga Mama Joshua, aliyetoka Mbulu kufanya kibarua katika shamba la kahawa. Mwanawe Joshua alisoma na Asmaa darasa la sita.

Udongo wa Karatu ni mwekundu na laini. Asmaa alijua kuufagia ukabaki na mistari iliyonyooka kutoka mlangoni hadi getini. Wateja waliopita hapo kwenda dukani waliusifu ua huo, na Asmaa alipenda kusifiwa.

"Wewe unafagia au unachora ramani?" Joshua alimtania asubuhi moja, akiwa ameketi mlangoni kwao anafunga viatu.

"Pita pembeni. Ukikanyaga mistari yangu, utafagia wewe."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wasifiaji hawakulitazama. Taka zilitakiwa kuzolewa kwa beseni na kupelekwa kwenye shimo nyuma ya migomba. Njia ya kwenda huko ilikuwa na umande, na Asmaa hakutaka kuchafua soksi za shule. Kwa hiyo alizisukuma taka hadi mtaroni, pale maji yanapoingia katika bomba la saruji lililopita chini ya geti, kisha akazishindilia kwa ufagio mpaka zisionekane. Alifanya hivyo kiangazi chote. Vumbi lilikwenda huko, na mifuko ya nailoni, na maganda ya maharage. Maharage yalikuwa ya Mama Joshua, ambaye siku za mapumziko aliyapura na kuyauza sokoni. Maganda aliyarundika kando ya mlango wake, lakini upepo uliyatawanya uani.

Masika yalianza mchana mmoja, wanafunzi wakiwa darasani. Maji ya gata za paa na ya barabara ya juu yaliteremka uani, yakafika kwenye bomba, yakakosa njia. Yalirudi nyuma na kutafuta mahali pa chini. Mahali pa chini kuliko pote palikuwa mlango wa Mama Joshua.

Asmaa na Joshua waliporudi, walikuta majirani wamejaa getini. Mama Joshua alikuwa anatoa nje godoro linalochuruzika maji. Gunia la mbegu alizoziweka kwa ajili ya kupanda lilikuwa limelowa hadi katikati. Bwana Ismaili, suruali ameikunja hadi magotini, alikuwa anavuta taka kutoka kwenye mdomo wa bomba.

"Maganda ya maharage," alisema, akiyainua kwa jembe ili kila mtu aone. "Nani hapa anauza maharage?"

"Baba Asmaa, mimi situpi taka mtaroni," Mama Joshua alisema. "Maganda yangu nawapa wenye ng'ombe."

"Basi yametembea yenyewe."

Mtu mmoja getini alicheka.

"Mwisho wa mwezi utafute chumba kingine," Bwana Ismaili alisema. "Ukuta wangu hautaanguka kwa sababu ya uvivu wa mpangaji."

Mama Joshua alimtazama Asmaa mara moja tu, kisha akaendelea kukamua shuka. Asmaa alijua maneno aliyopaswa kuyasema. Hakuyasema.

Kesho yake Joshua hakuja shule. Jioni Asmaa alimkuta anaanika madaftari juu ya mawe, ukurasa mmoja mmoja.

"Mtahamia wapi?"

"Kambini kwa vibarua, kule shambani."

"Na shule?"

"Kutoka kule siwezi kufika hapa kila siku. Labda nitaacha kidogo, mpaka Mama apate chumba." Aligeuza ukurasa mwingine. "Utakuja kutufagilia na huko?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Nakuona kila asubuhi, Asmaa. Mama naye anakuona."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie mwenye nyumba kwamba ni mtoto wake?"

Aliuliza bila hasira. Asmaa alihisi uso unawaka. Alikuwa amedhani aibu itakuja siku atakapojulikana. Kumbe alikuwa amejulikana muda wote, na waliomjua walinyamaza kwa sababu hawakuwa na nafasi ya kusema.

Alikwenda moja kwa moja dukani. Baba yake alikuwa anapima sukari.

"Baba, taka za mtaroni niliziweka mimi."

Bwana Ismaili aliacha kupima. "Mama Joshua amekutuma useme hivyo?"

"Hapana. Nilikuwa nazisukuma kwenye bomba ili nisiende shimoni. Maganda niliyafagia mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze."

"Na jana ulikuwepo, unanisikia."

"Ndiyo, Baba."

Bwana Ismaili aliisogeza mizani pembeni. "Nilimtuhumu mbele ya watu," alisema. "Nikimwomba radhi chumbani kwake, wale watu watabaki na uongo wangu. Jumamosi tutawaita wote."

Jumamosi majirani walikusanyika getini tena. Bwana Ismaili alieleza kosa lake, akafuta amri ya kuhama, akampa Mama Joshua gunia jipya la mbegu. Kisha Asmaa akasogea mbele. Alieleza alivyozishindilia taka bombani, akamwomba Mama Joshua radhi. Mama Joshua hakumwambia kwamba si kitu, kwa kuwa haikuwa kweli.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa shika beseni, mwanangu. Kazi ni nyingi."

Walizibua bomba mpaka maji ya ndoo yakapita bila kusimama. Ndipo walipogundua tatizo la pili. Ufagio ulikuwa umeondoa udongo kidogo kidogo, na ua ulikuwa umebonyea mbele ya vyumba kiasi cha mawe ya msingi kuonekana. Walileta moramu, ule udongo wa changarawe, wakaishindilia kando ya kuta na kuipa mteremko wa kuelekea mtaroni. Kwenye mdomo wa bomba waliweka wavu wa nondo wa kuzuia taka. Maji ya gata waliyaelekeza kwenye tangi. Asmaa alibeba moramu mpaka mikono ikamvimba, na kila aliyepita njiani alijua kwa nini anabeba.

Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Maji mekundu yalipita chini ya geti na kutoka upande wa pili. Chumba cha Mama Joshua kilibaki kikavu. Bwana Ismaili alisimama barazani na Asmaa, wakiyatazama maji.

"Ulikuwa unafagia vizuri," alimwambia, "lakini hukuwa unasafisha. Ulihamisha taka hadi mlangoni kwa mtu asiyeweza kukulalamikia. Mimi nami nilihukumu kabla ya kuuliza, kwa sababu yeye ni mpangaji na wewe ni binti yangu. Sote wawili tulichukua njia fupi, na gharama akailipa Mama Joshua. Kabla hujasema mahali ni safi, jua taka zimeishia wapi. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."